Ganzi ya kiganja: kupasuliwa wazi au kwa kamera? Mliopitia nisaidieni

#1 Mchongaji wa Langoni

Asalaam aleikum wanajamvi.

Mimi ni mchongaji milango, Langoni, Amu. Huu ni mwaka wa 19 nashika patasi. Tangu kusi la mwaka jana mkono wa kulia waniamsha usiku. Kidole gumba, cha shahada na cha kati vinakufa ganzi kama vimefungiwa pamba. Naukung'uta kando ya kitanda mpaka uhai urudi, nalala, na kabla ya alfajiri yashanirudia mara mbili tatu.

Mchana shida ni nyingine. Kazi ya kumalizia maua sipigi nyundo, nasukuma patasi kwa mkono, na mpini wake unakaa papo hapo chini ya kiganja, baina ya vile vilima viwili vya nyama. Wiki iliyopita sikuihisi patasi ikigeuka. Ilipita kwenye mfaa wa mlango wa watu, mbambakofi, kazi ya siku nne, jani zima la ua likabanduka. Nimelala na jani hilo chini ya mto, siwezi kulitupa.

Nilikwenda Mombasa nikapimwa umeme wa neva. Jibu: neva ya kati imebanwa kwenye kifundo cha mkono, kapo taneli. Banzi la usiku nimevaa miezi minne. Sindano ya dawa ya uvimbe nimechomwa moja, nikapata afueni ya wiki tisa, ikaisha. Sasa ni kupasuliwa, na hapo ndipo nilipokwama. Daktari wa kwanza anasema apasue wazi, mshono wa sentimita 3 au 4 kiganjani. Wa pili anasema kwa kamera, tundu la sentimita moja kwenye mkunjo wa kifundo, bei zaidi ya mara mbili.

Mimi msimamo wangu ni huu: kinachokatwa ni kilekile, hiyo kamera ni ya wenye pesa. Kama nimekosea nionyesheni kabla sijauza mashine yangu ya randa.

#2 Bi Ukili

Pole mwanangu. Mimi niko Matondoni, kazi yangu ukili na mikeka. Nimepasuliwa mikono yote miwili kwa njia ya wazi, wa kulia kwanza, wa kushoto baada ya miaka miwili.

Usiku wa kwanza nilipotoka hospitali nililala mpaka adhana ya alfajiri. Nililia, si kwa maumivu, nililia kwa sababu nilikuwa nimesahau usingizi mzima ulivyo. Kwa hilo siwezi kuulaumu upasuaji wa wazi.

Lakini nyuzi zilipotolewa siku ya 12 ndipo nilipojua kuna deni. Kovu lenyewe si baya. Ni pale pembeni mwa kovu, pande zote mbili, kwenye nyama ya kidole gumba na nyama ya upande wa kidole cha mwisho. Ukiegemea meza pauma. Ukikuna nazi kwenye mbuzi pauma. Kukamua tui ndiko kulikonishinda kabisa, miezi miwili na nusu binti yangu ndiye aliyekamua. Ukili niliweza mapema zaidi, kwa sababu kusuka ni ncha za vidole, hakusukumi kiganja.

Wewe wasukuma patasi kwa mahali palepale. Lifikirie hilo kabla ya bei.

#3 Nesi wa Thieta

Nafanya kazi chumba cha upasuaji, si daktari, lakini nimesimama kando ya mikono mingi.

Picha yenyewe iko hivi. Mifupa midogo ya kifundo cha mkono imejipanga kama mtumbwi. Juu ya mtumbwi kumetandwa ligamenti, utepe mpana mgumu kama turubai iliyovutwa. Ndani mwapita kano 9 za kukunja vidole, na neva moja. Kano zikivimba utando wake, mfupa hauondoki na turubai halitanuki. Neva ndiyo laini kuliko vyote mle ndani, basi ndiyo inayoumia.

Mleta mada amesema kweli kwamba kinachokatwa ni kilekile, hilo turubai. Tofauti ni njia ya kulifikia. Wa wazi anapita ngozi, mafuta na utando wa kiganja, anashuka kutoka juu, anaiona neva kwa macho yake. Wa kamera anaingilia kwenye mkunjo wa kifundo, anapita chini ya turubai na kulikata kutoka ndani kwenda juu, ngozi ya kiganja inabaki nzima. Wengine hutoboa tundu moja, wengine mawili, la pili kiganjani. Yale maumivu ya Bi Ukili kwenye vilima vya kiganja yanaweza kutokea kwa njia zote mbili, ila kovu la kiganjani lenyewe wa kamera hana.

Kuna na njia ya katikati ambayo hujatajiwa: wazi lakini mshono mfupi, sentimita moja na nusu hadi mbili. Muulize daktari wako wa kwanza kama anaifanya.

#4 Nahodha Kizingitini

Siyui mnakimbilia kisu kwa nini. Sisi wavuvi twavuta kamba za nyavu usiku kucha, mikono yafa ganzi, ni baridi ya bahari imeingia kwenye mishipa. Babangu alikuwa akisingwa kwa mafuta ya ufuta ya moto, akifunga kitambaa cha sufi, akaendelea na kazi mpaka uzeeni. Ndia ni moya tu, kuupa mkono joto na mapumziko. Ukikata kitu alichokiumba Mola hapo mkononi, nguvu hairudi.

#5 Nesi wa Thieta

Nahodha, kwa heshima: kuna mambo mawili umeyachanganya.

Mapumziko umesema kweli. Ganzi ya mwanzo hupungua mkono ukipumzishwa, na banzi la usiku kazi yake ndiyo hiyo, linanyoosha kifundo kisikunjike usingizini, kwa sababu kukikunja kunazidisha shinikizo mle ndani. Lakini ganzi ya baridi hushika vidole vyote. Hii ya kapo taneli hushika gumba, shahada, cha kati, na nusu ya cha pete. Kidole cha mwisho kinaachwa, kina neva yake nyingine. Ramani hiyo ndiyo inayoonyesha mlango uliofungwa.

Na nguvu hurudi. Ligamenti ikikatwa, ncha zake huachana kidogo, pengo likajazwa na kovu, handaki likabaki pana zaidi. Mshiko hupungua wiki za mwanzo, kwa wengi hurudi baada ya miezi mitatu hivi.

#6 Mwalimu wa Mkomani

Naunga mkono. Na si jambo geni. Mwingereza James Paget alifanya upasuaji huu tangu 1854, kwa hiyo tusiuone kama wanajaribia kwetu.

#7 Mwanafunzi wa Tiba

Mwalimu, shikamoo. Naomba kusahihisha kidogo. Paget mwaka 1854 alieleza neva iliyobanwa baada ya mtu kuvunjika kifundo, hakuikata hiyo ligamenti. Aliyeandika kuhusu kuikata ni James Learmonth, mwaka 1933. Ikaja kuenea miaka ya 1950 kwa kazi ya George Phalen wa Marekani, ndiye mwenye kile kipimo cha kukunja vifundo viwili mgongo kwa mgongo kwa dakika moja uone kama ganzi inakuja. Ya kamera ni ya juzi tu, mwisho wa miaka ya 1980: Okutsu wa Japani, na Chow wa Marekani wa matundu mawili.

#8 Mwalimu wa Mkomani

Marahaba mwanangu. Nimesahihishika. Nimekunja vifundo hapa mezani dakika moja, mke wangu ananiuliza naomba dua gani.

#9 Mama Wawili, Malindi

Jamani msiwatishe watu. Mimi ilinishika nikiwa na mimba ya miezi saba, mikono yote miwili, siwezi hata kufunga kitufe cha nguo ya mtoto mkubwa. Jirani akaniambia ni lazima nikatwe. Kliniki wakanipa mabanzi mawili tu ya usiku, wakasema maji ya mwilini yakipungua baada ya kujifungua na hii itapungua. Ikapungua. Mwezi wa pili baada ya kujifungua nilikuwa sihisi kitu.

Kwa hiyo mtu akifungua uzi wa kisu, aulizwe kwanza: una mimba? una sukari? umepima goita?

#10 Mpishi wa Ufukweni

Mama Wawili ana haki, lakini mleta mada ni mwanamume na ameshavaa banzi miezi minne, tusimrudishe mwanzo.

Mimi niko Malindi, napika hotelini, nilifanyiwa ya kamera mkono wa kulia. Siku ya tatu nilikuwa nakula kwa mkono wangu. Siku ya 13 nilikuwa jikoni, kazi nyepesi, kupamba sahani na kuonja. Siku ya 20 nilikata samaki. Kiganja changu hakina alama, kuna mstari mdogo kwenye mkunjo ambao hata mke wangu hauoni.

Sasa upande wa pili, maana nisiseme nusu. Ganzi ya usiku iliondoka, lakini kukaja mwashomwasho mpya kwenye kidole cha pete ambao sikuwa nao zamani. Ulikaa wiki tano. Daktari alisema neva imekasirika kwa kupitiwa na kifaa, itatulia, na ikatulia. Wiki hizo tano nilikuwa na hofu kubwa kuliko ya upasuaji wenyewe. Hakuna aliyeniambia kabla kwamba inaweza kutokea. Ningeambiwa ningelala.

Na baada ya miezi minne kidole cha kati kikaanza kukwama nikikunja, kinafunguka kwa mlio kama swichi. Wengine wananiambia ni matokeo ya upasuaji, wengine wanasema ningekipata tu kwa kushika kisu.

#11 Mwanafunzi wa Tiba

Kidole cha kukwama huonekana mara kwa mara kwa watu walewale wenye kapo taneli, wakipasuliwa au wasipopasuliwa, na huonekana pia baada ya upasuaji wa njia zote mbili. Sababu inabishaniwa.

Kuhusu wazi na kamera, tafiti zimeshajumlishwa. Mapitio ya mwaka 2014 ya Cochrane, shirika linalojumlisha tafiti za tiba, yalikusanya tafiti 28. Kwa ganzi na maumivu kwisha, njia hizo mbili zilikaribiana. Madhara makubwa, hakukuonekana tofauti. Wa kamera walirudi kazini mapema kwa wastani wa siku 8 hivi. Wa wazi walisumbuliwa zaidi na kovu na kidonda, wa kamera walisumbuliwa zaidi na neva kwa muda mfupi, kama Mpishi hapo #10.

#12 Mchongaji wa Langoni

Asanteni nyote, nimesoma kila neno.

Hizo siku 8 nimezipigia hesabu. Siku 8 za kazi kwangu hazifiki tofauti ya bei niliyotajiwa. Kwa hiyo kwa hesabu tupu wazi ndiyo yangu. Lakini Bi Ukili amenitia neno moyoni. Si siku 8 zinazonitisha, ni hiyo miezi ya kutoweza kusukuma kwa kiganja. Mapitio hayo yanasema "kurudi kazini", lakini kazi gani? Karani akirudi kwenye meza yake amerudi kazini. Mimi nikirudi nikapiga msasa tu, nimerudi au sijarudi?

#13 Mwanafunzi wa Tiba

Swali zuri na sina jibu la kukupa kwa namba. Humo ndani watu wa kazi zote wamechanganywa.

#14 Fundi Jahazi

Mimi nitawaeleza lisilosemwa hapa, kwamba yaweza kutofanikiwa.

Nilikuwa na ganzi miaka sita. Tezo mkono mmoja, na kupiga kalafati mwaka mzima, nikajua ni uchovu. Nilipokwenda hospitali, ile nyama ya chini ya gumba ilikuwa imeshakonda, imezama kama kisahani. Nilipasuliwa wazi, hospitali siitaji. Ganzi ilipungua mwezi mmoja ikarudi. Nikarudi kwao, nikaambiwa ni shingo, nipige picha ya shingo. Shingo ikaonekana imechakaa kidogo, kama ya mtu yeyote wa miaka 55. Nikapewa dawa za shingo mwaka mzima.

Daktari mwingine ndiye aliyeweka mashine ya picha ya mawimbi ya sauti (ultrasound) juu ya kifundo, akanionyesha kwenye skrini: turubai limekatwa, lakini kipande cha mwisho, upande wa kiganja, hakikuguswa. Neva imenyongwa papo hapo, ukiitazama imevimba kabla na imebanwa baada, kama mpira wa maji uliokanyagwa. Akanipasua tena, mshono mrefu zaidi.

Usiku sasa nalala. Lakini gumba halijarudi na nguvu yake. Sindano ya kushonea tanga siishiki. Yule wa pili anasema kosa ni la wa kwanza kutomaliza kukata. Mwanangu, aliyesoma, anasema kosa ni langu kuchelewa miaka sita, nyama ikikonda neva imeshakufa sehemu. Na yule wa kwanza mpaka leo anashikilia shingo. Mie siyui nimshike yupi.

#15 Nesi wa Thieta

Fundi, pole sana. Wote watatu wanaweza kuwa na sehemu yao. Kutomaliza kukata ndiyo sababu inayotajwa sana upasuaji huu usipofanikiwa. Nyama ikishakonda, matarajio hubadilika: unapasuliwa ili usipoteze zaidi, kurudi kwa nguvu ni majaliwa. Neva huota taratibu, milimita moja hivi kwa siku, na sehemu nyingine haioti tena. Na shingo na kifundo vinaweza kuumwa kwa pamoja kwa mtu mmoja.

Kwa mleta mada hii ndiyo hoja kubwa kuliko wazi na kamera: fungua kiganja chako na cha kushoto kwenye mwanga, vitazame ubavu kwa ubavu. Kile kilima cha chini ya gumba kimelingana?

#16 Mchongaji wa Langoni

Nimetazama sasa hivi kwa tochi ya simu. Cha kulia kimeshuka kidogo. Mke wangu anasema sivyo, ni kivuli. Nimemwita na kijana wangu wa kazi, akasema kimeshuka.

#17 Nesi wa Thieta

Basi usingoje msimu mwingine upite.

#18 Nahodha Kizingitini

Fundi Jahazi ndiye wa kuthibitisha maneno yangu. Alikatwa mara mbili!

#19 Fundi Jahazi

Nahodha, alonikata mara ya pili ndiye alonipa usingizi. Usinitumie mimi kuwatia watu hofu. Na yale mafuta ya ufuta nimesingwa miaka sita, muulize mke wangu harufu ya shuka zetu.

#20 Nahodha Kizingitini

Basi nimenyamaza. Ila jahazi la mjomba wangu bado lavuja ulikolipiga kalafati.

#21 Fundi Jahazi

Lile lavuja kwa sababu mjomba wako alilianika ufukweni kaskazi nzima. Lilete.

#22 Kijana wa Sukari

Naomba niulize kwa upande wangu. Nina sukari, natumia insulini. Nilichomwa ile sindano ya kifundo, usomaji ukapanda vibaya kwa siku kadhaa. Je, nipasuliwe? Niliambiwa wenye sukari hawaponi vidonda.

#23 Mwanafunzi wa Tiba

Ile sindano ni ya jamii ya steroidi, kupandisha sukari kwa siku chache ni tabia yake, walipaswa kukuonya. Kupasuliwa, wenye sukari wanapasuliwa na wengi wanapata nafuu, ila sukari itulizwe kwanza. Tatizo jingine ni kwamba sukari yenyewe huharibu neva, kwa hiyo baada ya kufunguliwa pale kifundoni inaweza kubaki ganzi ambayo si ya kifundo.

#24 Amu hadi Toronto

Salamu kutoka Kanada, mimi mtoto wa Shela. Nimechelewa kwenye uzi.

Mnabishana wazi na kamera, lakini kuna jambo la tatu lisiloulizwa, nalo ni ganzi ya dawa. Mleta mada, uliza watakulaza usingizi au utakuwa macho? Na watafunga ule mpira wa kubana mkono wa juu kama wa kupimia presha? Ule mpira ndio uliomuumiza mamangu kuliko kisu.

Huku kuna daktari wa Saint John, Donald Lalonde, aliyeisambaza njia ya kuwa macho kabisa: sindano ya ganzi iliyochanganywa na adrenalini kiganjani, wanangoja karibu nusu saa, adrenalini inaifunga mishipa midogo, damu haitoki ovyo, mpira hauhitajiki. Hakuna kufunga kula, hakuna mtu wa usingizi kulipwa. Mimi nilipasuliwa hivyo, wazi, mshono mfupi, nikizungumza na daktari habari za majahazi. Nilitoka kwa miguu yangu. Kwa Kijana wa Sukari hili lina maana, kwa sababu hukai na njaa ukicheza na insulini.

Kuna na wapya zaidi wanaokata wakiongozwa na mashine ya mawimbi bila kamera. Mmoja, Danqing Guo wa Marekani, anakata kwa uzi wenyewe: anauzungusha juu na chini ya ligamenti kupitia matundu ya sindano, kisha anausugua kama msumeno.

#25 Bi Ukili

Kwa uzi! Miaka 40 nakata ukili kwa meno na wembe.

#26 Mpishi wa Ufukweni

Amu hadi Toronto, umenikumbusha. Mimi nililazwa usingizi, na nusu ya bili yangu ilikuwa hiyo. Mleta mada akilinganisha bei aangalie ndani ya karatasi, huenda analinganisha usingizi na kuwa macho, si wazi na kamera. Na aulize dawati la SHA, bima ya afya ya serikali, kabla, si baada. Tangu bima ya zamani, NHIF, iondoke Oktoba 2024 mimi nimejifunza kuuliza mara mbili.

#27 Mchongaji wa Langoni

Hilo sikuliona kabisa. Nimetoa karatasi zote mbili. Ya kamera ina usingizi na kulala usiku mmoja. Ya wazi ni macho na kurudi siku ileile. Kumbe nimekuwa nikipima nazi kwa papai.

Swali jingine, na hili si la daktari. Sujudu. Kiganja ndicho kinachobeba mwili. Walioshonwa kiganjani mlisujudu vipi?

#28 Bi Ukili

Wiki mbili za kwanza niliswali kwenye kiti, naashiria. Baadaye nilikunja ngumi mkono mmoja nikaegemea vifundo vya vidole. Kuweka kiganja chote chini, wiki ya tisa. Naikumbuka kwa sababu ilikuwa mwezi wa Ramadhani, tarawehe, nikaweka mkono kwenye mkeka niliousuka mwenyewe na haukuuma.

Udhu nilipangusa juu ya bandeji, sheikh wa mtaani ndiye aliyenielekeza. Muulize wako.

#29 Mpishi wa Ufukweni

Mimi wa kamera nilisujudu siku ya kumi, kwa uangalifu. Kiganja kilikuwa kizito lakini kilikubali.

#30 Nesi wa Thieta

Hapo ndipo mnaponipa shida, kwa sababu mwingine wa kamera atakwambia wiki ya nane na mwingine wa wazi wiki ya tatu. Maumivu ya vilima vya kiganja hayatabiriki. Wako wanaosema yanatoka kwenye mifupa inayolegea turubai likishakatwa, wako wanaosema ni matawi madogo ya neva za ngozi, wako wanaosema ni misuli iliyokuwa imejishika kwenye ligamenti na sasa haina pa kujishika. Kila daktari niliyemsikia ana lake.

Ninachoweza kusema kwa macho yangu ni kwamba wanaoanza kufungua na kufunga vidole siku ileile, na kuuinua mkono juu ya moyo siku za mwanzo, huvimba kidogo. Wanaoubeba kama mtoto mchanga wiki tatu ndio wanaokuja na vidole vigumu.

#31 Fundi Jahazi

Mchongaji, swali moja tu la kumuuliza daktari yeyote wa hao wawili: mikono mingapi ameikata kwa njia hiyohiyo anayoitaja, na ikiwa kwenye kamera haoni vizuri atafanya nini. Mimi sikuuliza.

#32 Amu hadi Toronto

Naongeza: wa kamera mkweli atakwambia kwamba asipoona vizuri atafungua wazi palepale. Hiyo si aibu, ndivyo inavyotakiwa. Ukisikia "mimi huwa sifungui kamwe", ondoka.

#33 Mchongaji wa Langoni

Nimempigia wa kwanza. Anafanya ule mshono mfupi, anafanya mtu akiwa macho, na mpira wa mkono hatumii. Ameniambia idadi yake bila kusita. Wa pili nimemwachia ujumbe, hajajibu, sitamhukumu kwa hilo, ni mtu wa kazi nyingi.

Moyo wangu umeegemea kwa wa kwanza lakini ile miezi ya kiganja bado yanizuia. Kijana wangu ametoa wazo: anitengenezee mpini wa patasi wenye kichwa kipana cha mviringo, uliofungwa ngozi, ukae katikati ya kiganja juu zaidi, usiguse pale chini. Ameshachonga mmoja kwa mti wa mwembe. Nimeujaribu kwa mkono wa kushoto, unasukuma vizuri.

Jumatatu nashuka na boti ya asubuhi kwenda Mokowe, basi mpaka Mombasa. Lile jani la ua nimeligundisha kabla sijaondoka, mwenye mlango amekubali.

#34 Bi Ukili

Ukirudi, kwenye ngazi za jeti usijishike kwa mkono wa kulia boti ikiyumba. Mimi nilijishika. Nipigie ukifika Mokowe, mwanangu yuko pale kila siku na boti yake, atakushika kwapani akuvushe. Nauli hatotaka.

#35 Mchongaji wa Langoni

Mungu akuweke, mama.

#36 Mpishi wa Ufukweni

Ukiamua ya kamera njoo uandike hapa. Ukiamua wazi pia njoo uandike, na utaje siku ya kwanza uliyosukuma patasi kwa kiganja. Hiyo namba haimo kwenye tafiti 28.

#37 Nahodha Kizingitini

Na mafuta ya ufuta nitakuletea chupa. Baada ya nyuzi kutoka, juu ya kovu. Hilo Nesi hatanikatalia.

#38 Nesi wa Thieta

Kidonda kikishafunga kabisa, sikatai. Kusugua kovu taratibu ni jambo jema, na mafuta yoyote safi yanafaa.

#39 Mgeni wa Faza

Hamjambo. Nimesoma uzi wote. Wangu ni kidole cha mwisho na nusu ya cha pete, hasa nikishika simu sikioni muda mrefu. Ni ugonjwa huuhuu?

#40 Nesi wa Thieta

Ramani yako ni ya neva nyingine, na mara nyingi hiyo hubanwa kwenye kiwiko, si kwenye kifundo. Upasuaji wake ni mwingine kabisa na una mabishano yake. Fungua uzi wako, nitakuja.